Kuku wa Piskal

Mji mzima wa Santa Rufina ulininyima kifaranga.

Sikuomba ng'ombe, wala sikuomba shamba. Niliomba kifaranga mmoja wa kuweka juu ya jeneza la mdogo wangu Delfin, aliyepigwa risasi ndani ya gari lake akitoka kusimamia ubatizo wa mtoto wa watu. Kwetu mtu aliyeuawa hazikwi hivi hivi. Kifaranga huwekwa juu ya kioo cha jeneza na kumwagiwa mchele, na kila anapodonoa, aliyeua hudonolewa dhamiri huko aliko, asilale, asile, mpaka mwenyewe ajitokeze. Anayeamini huweka, na asiyeamini huweka vilevile.

Nikaanza kwa jirani wa mkono wa kulia.

"Nang Pacing, pole sana, ila kuku wetu hawajaangua," aliniambia, na huku vifaranga wanalia nyuma ya nyumba yake kama darasa lisilo na mwalimu.

Wa mkono wa kushoto akasema wake wamemalizwa na nyoka. Mke wa kinyozi, ambaye mwanawe alipata kazi kwa mkono wa Delfin, alinifungulia dirisha badala ya mlango. Sokoni, muuza vifaranga aliniona kwa mbali akatupa kitambaa juu ya tenga lake.

"Hawa wameshanunuliwa wote, Nang."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani hao?"

"Nang Pacing, usiniponze. Nina watoto."

Nililia njiani siku hiyo, mimi ambaye sikulia hata walipoiteremsha maiti mlangoni kwangu. Utaniuliza, kwani nyumbani kwenu hamna kuku? Tunao, ua umejaa. Lakini kuku wale si wetu. Niache nikueleze ni wa nani, ndipo utajua nilikuwa natafuta nini mlangoni kwa watu.

Mimi na Delfin tulibaki wawili baba na mama walipofariki. Nilikuwa nimemzidi umri, nikamlea. Nilishona nguo za watu mpaka vidole vikafa ganzi, naye akasoma sheria huko Bacolod, akarudi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali, yule ambaye sisi humwita Piskal. Alikuwa mwembamba kama muwa wa kiangazi, na shati lake moja jeupe la mahakamani nililishona mimi. Hakuoa, nami sikuolewa. Nyumba ilikuwa ya watu wawili na kesi zao.

Kesi iliyompa jina ilikuwa ya mkata miwa aliyepigwa panga na msimamizi wa shamba. Msimamizi alikuwa na watu wakubwa nyuma yake, na kila aliyeulizwa alikuwa amelala siku hiyo, hata waliokuwa shambani saa sita mchana. Baada ya maziko, mjane wa marehemu, bibi kizee aliyeitwa Lola Sion, alikuja mlangoni kwetu na yule kifaranga wa juu ya jeneza ndani ya kikapu.

"Piskal, huyu hajamaliza kazi yake," akasema. "Yeye anadonoa dhamiri tu, na yule bwana hana. Mchukue wewe. Donoa pamoja naye mpaka mtu aende jela."

Delfin alicheka, maana alikuwa kijana msomi. Kisha akaona kwamba bibi hacheki. Akampokea yule kifaranga kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sakramenti, akasema, "Lola, huyu haliwi mpaka mtu wako afungwe. Na siku hiyo utakuja kumla wewe mwenyewe."

Nami nikamlisha. Delfin alizunguka mashamba kwa baiskeli, akaketi na wakata miwa wanapokula, akawabembeleza, akawatukana, akawachekesha, mpaka wale waliokuwa wamelala wakakumbuka kwamba walikuwa macho. Msimamizi akafungwa maisha. Kifaranga alikuwa ameshakuwa jogoo. Nikamchinja, nikampika mchuzi wa papai bichi na majani ya pilipili, na Lola Sion akapewa paja. Alikula polepole, akanyonya mfupa, akasema, "Sasa mume wangu amezikwa."

Jambo hilo lilienea kuliko tangazo la redio. Kila aliyeuliwa ndugu yake katika jimbo letu, akishazika, alileta kifaranga wake kwa Piskal. Ua ukajaa. Nilimjua kila mmoja kwa jina la maiti wake: huyu wa dereva, huyu wa mwalimu, yule kipara wa yule mama wa Barrio Tigbao. Na miaka ile, amini usiamini, tulikuwa tunakula kuku. Mdogo wangu alikuwa haogopi mtu. Nilijivunia mpaka nikawa sivumiliki, majirani walinikwepa kanisani.

Watu wakamwambia agombee ugavana. Picha zake za kampeni zilikuwa na kifaranga begani. Lakini kura za kwetu hazitoki kwenye picha, zinatoka mashambani, na mashamba ni ya Don Facundo Arrieta. Ndipo Don Facundo akaanza kuja nyumbani. Kwanza akaja na maembe, kisha akaja na malori ya kubebea wapiga kura, mwisho akaja na mwaliko: Delfin awe mdhamini wa ndoa ya mwanawe. Kwetu ukishasimama mbele ya padri kumdhamini mtoto wa mtu, wewe na mtu huyo ni ndugu. Tangu siku hiyo wakaitana Pare.

"Toto," nilimwambia, maana hata alipokuwa gavana nilimwita vile nilivyomwita akiwa hana meno, naye aliniita Manang, yaani dada mkubwa, ambayo watu wa mji hufupisha Nang, "huyo bwana ndiye aliyekuwa nyuma ya yule msimamizi wa Lola Sion."

"Manang, siasa si mahakama. Mahakamani unatafuta mkosaji. Kwenye siasa unatafuta wenzako."

Alishinda, akaapishwa, akanenepa. Kuku wakaendelea kuletwa, naye akaendelea kuwapokea kwa mikono miwili, tena mbele ya wapiga picha. Ila tukaacha kuwala. Wengine walikufa kwa uzee pale uani. Ofisi ya Piskal alikuwa amemwachia kijana aliyemfundisha mwenyewe, Jovito, mtu wa kunyoosha tai yake kila anapoulizwa swali.

Sasa nifike kwa Eliseo.

Eliseo Sumagaysay alikuwa kiongozi wa wakata miwa, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Aliwagomesha watu wa Don Facundo wakati wa mavuno, na miwa ikakauka shambani. Jumapili moja Don Facundo akaja kula kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa napakua.

"Pare," alisema Don Facundo, "huyu Eliseo wako amenipanda kichwani."

"Si wangu, Pare. Mimi ni gavana wa wote."

"Haya, wa wote. Vijana wangu wamechoka naye. Wananiuliza, Don, tumfanye nini? Na mimi nakuuliza wewe mwanasheria. Wamfanye nini?"

Nilisimama na upawa mkononi. Delfin alikuwa anatoa mwiba kwenye samaki. Aliutoa wote, akauweka pembeni ya sahani, akapangusa vidole.

"Manang," akaniambia, "samaki wa leo umempatia. Bado wapo?"

Don Facundo alimtazama kidogo, kisha akatabasamu. "Nimekuelewa, Pare."

Nikaenda jikoni kuleta samaki. Wiki haikuisha, Eliseo akakutwa amelala kifudifudi kwenye miwa.

Mjane wake, Merlita, alikuja baada ya maziko kama wajane wote, na wakata miwa nyuma yake mpaka barabarani. Kifaranga wake alikuwa mweusi, shingo nyeupe. Delfin alishuka ngazi akampokea mbele ya waandishi wa habari.

"Merlita, kabla ya Krismasi tutamla huyu pamoja. Hiyo ni ahadi."

Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Delfin usoni, naye akatazama kila mtu isipokuwa mimi.

Shahidi alikuwepo, mwendesha mkokoteni wa nyati aliyewaona vijana wa Don Facundo wakitoka kwenye miwa. Jovito alikuja kwetu, wakazungumza barazani yeye na Delfin, wakacheka mara moja. Kesho yake Jovito akawaambia watu wa redio kwamba ushahidi hautoshi. Mwendesha mkokoteni akahamia Mindanao bila kuaga hata mkewe. Krismasi ikaja, ikapita. Merlita hakuonekana tena mlangoni kwetu.

Kifaranga wake, yeye, alikua. Akawa tetea mweusi mzuri, na kila asubuhi alisimama chini ya dirisha la Delfin akiparuaparua.

Siku moja Delfin aliniita akiwa anachana nywele mbele ya kioo.

"Manang, leo Pare anakuja. Mchinje yule mweusi."

"Yule wa Eliseo?"

"Kuku ni kuku."

"Huyo ana mwenyewe. Lola Sion alikula paja kwa kuwa mtu alikwenda jela. Kwa Eliseo nani kaenda jela?"

"Kesi imefungwa. Usinianze."

"Uliulizwa pale mezani, Toto."

Akaweka chanuo chini. "Nikasema nini?"

"Hukusema kitu."

"Basi. Katika sheria, mtu kunyamaza si kukiri. Hata vijana wa pale ofisini nimewafundisha hivyo."

"Mimi si ofisi. Mimi ndiye niliyekuwa napakua samaki."

Alinitazama kwenye kioo, si uso kwa uso. Nilimwona akizeeka pale pale. Nilimpenda na nilimchukia, vyote kwa mara moja, na sijui nikueleze vipi zaidi ya hapo. Ningekwenda kumshtaki wapi? Kwa Jovito? Siku hiyo Don Facundo alikula nguruwe. Na tangu siku hiyo Delfin aliamuru dirisha lile la uani lipigiliwe misumari, eti vumbi.

Ugavana una mwisho wake. Muhula wake ulipokaribia kwisha, Delfin alitaka kiti cha bungeni Manila, na kiti hicho Don Facundo alikuwa ameshamwekea mwanawe, yule yule ambaye Delfin alimdhamini ndoa yake.

"Pumzika, Pare," Don Facundo alimwambia barazani, nami nikiwa naleta kahawa. "Umeshakula vya kutosha."

"Atakayesema nimeshiba ni mimi, Pare."

"Hayo ndiyo maneno yako?"

"Ndiyo hayo."

"Sawa," akasema Don Facundo, akanyanyua kofia yake. Hakunywa kahawa.

Safari hii Delfin alijibu. Na wewe ona: siku aliyonyamaza alikufa mwingine, siku aliyojibu akafa yeye. Walimngoja kwenye kona ya kiwanda cha sukari, akiwa bado amevaa shati jeupe la ubatizoni.

Msiba ukawekwa nyumbani. Hatukufagia, maana nyumba yenye maiti haifagiwi. Tulipika kahawa kwa madumu, watu wakacheza karata kwenye ua. Shada kubwa kuliko yote, kubwa kama mlango, lilitoka kwa Don Facundo, na mwenyewe akaja kila siku kukaa kiti cha mbele, akitafuna karanga na kufuta macho. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nilikuwa namtazama yule mzee akilia, meno yakiniuma kwa hasira.

Jovito naye akaja, akanishika mikono yote miwili.

"Nang Pacing, tunachunguza kwa nguvu zote. Ila kwa sasa hivi..." akanyoosha tai, "...ushahidi hautoshi."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo yakitoka kwenye baraza yetu wenyewe, kwa wajane wa wengine, na hayakuwahi kunichoma hivi.

Ndiyo maana nilitaka kifaranga. Sheria ilikuwa imelala, na aliyeilaza alikuwa ndani ya jeneza. Nilibakiwa na desturi. Nilitaka Don Facundo aketi pale na karanga zake, asikie kile kidomo kikigonga kioo, akose usingizi mpaka aseme. Mazishi yalikuwa kesho yake, na mji ulikuwa umeninyima. Wengine walimwogopa Don Facundo. Wengine, niseme kweli, walimkumbuka Eliseo.

Ukabaki mlango mmoja tu.

Merlita alikuwa anafua nje ya chumba chake, kwenye safu za vyumba vya wafanyakazi wa shambani. Hakuniambia keti. Hakuacha kufua.

"Nang Pacing."

"Merlita. Nimekuja kuomba kifaranga."

Alisugua kola ya shati, akaisugua tena. "Wamekunyima kote, ndiyo ukanikumbuka."

"Ndiyo."

"Angalau huongopi. Ndugu yako angesema ameota ndoto ya marehemu." Akapiga nguo kwenye jiwe. "Mimi nilikuwa na kifaranga mmoja. Nilimpa Gavana. Mlimla?"

"Hatukumla."

"Usinidanganye, mama mzima."

"Alitaka achinjwe. Nilikataa. Yupo, Merlita. Ameatamia chini ya ngazi yetu. Ametotoa juzi."

Hapo akaacha kufua. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, macho makavu, mekundu kwa sabuni.

"Basi vifaranga unao. Unazunguka mji mzima kutafuta nini?"

"Wale ni wako."

"Kumbe unajua." Akakamua shati, akalitundika, akapangusa mikono kwenye sketi. "Ningoje nivae viatu."

Tukarudi pamoja. Alipoingia kwenye ua wetu wacheza karata waliacha kadi zao hewani. Aliinama chini ya ngazi. Tetea mweusi alimparura mkono, naye akamwambia kitu polepole, akatoka na kifaranga mmoja, mweusi, shingo nyeupe kama mama yake. Akajaza mchele kwenye mfuko wa sketi. Watu wakampisha mpaka kwenye jeneza. Don Facundo akavuta kiti chake pembeni kidogo ili aone vizuri.

Merlita alimweka kifaranga juu ya kioo. Desturi ni kumwaga mchele popote, kifaranga azunguke. Yeye hakuumwaga popote. Aliurundika mahali pamoja, juu ya uso wa Delfin kabisa, kati ya macho.

Kifaranga aliteleza, akasimama, akatazama chini. Akaanza kudonoa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hata walio jikoni waliisikia.

Nilimtazama Don Facundo. Nilingoja abadilike rangi, mkono umtetemeke, ainuke akatafute hewa. Alimenya karanga. Akapuliza maganda, akaitia mdomoni, akamenya nyingine.

Merlita akainamia kioo. "Haya, baba," alimwambia kifaranga. "Mtu wako huyu hapa. Mama yako alimngojea."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimemleta kwa ajili ya aliyekaa kwenye kiti cha mbele. Yeye alikuja kwa ajili ya aliyelala chini ya kioo. Na chini ya kioo alikuwa mtoto wangu, maana yule alikuwa mtoto wangu, ambaye nilimlisha uji nikampeleka shule kwa sindano yangu, na aliyetoa mwiba kwenye samaki akauweka pembeni ya sahani. Donoa, donoa. Kila kidomo kilipogonga, nilihisi kimenipiga mimi kwenye kifua.

Ningeweza kumwondoa. Nyumba ni yangu, maiti ni yangu, hakuna ambaye angeninyooshea kidole. Watu wote walikuwa wananitazama, wakata miwa waliokuwa wamejipenyeza mpaka mlangoni, Jovito na tai yake, jirani wa kulia ambaye kuku wake hawakuangua, na wa kushoto ambaye wake walimalizwa na nyoka. Wote walingoja kuona mkono wangu utakwenda wapi.

Kifaranga alimaliza mchele. Akabaki anagonga kioo kitupu.

"Umekwisha," Merlita alisema, bila kunitazama.

Nikaenda jikoni, nikachota mwingine, nikauleta, nikaurundika pale pale.